Nauza mfumo wa hoteli kwa pesa na ndani yake muna MySQL ya bure, kileseni nipo salama?

kijana_wa_jangombe:

Assalam alaykum jamani. Uzi utakuwa mrefu mnivumilie, jambo hili limenikosesha usingizi siku tatu na naomba anijibu anaejua khasa, sio wa kubahatisha.

Mie natengeneza mifumo kwa kujitegemea, sijaajiriwa pahala. Kazi niliyonayo sasa ni mfumo wa hoteli ndogo Paje, vyumba 14, una buking, mapokezi, stoo ya jikoni, bili za wageni na ripoti ya kufunga siku. Nimeuandika kwa C#, unakaa kwenye kompyuta ya mapokezi na nyengine mbili zimeunganishwa kwa waya, databesi ni MySQL ile ya bure. Sikuuweka mtandaoni kwa makusudi, kwa sababu intaneti ikikatika asubuhi na mgeni ana boti ya saa nne Malindi, bili yake haitoki, na mwenye hoteli hataki kusikia habari ya seva iko nje ya nchi. Setapu yangu ni moja tu, ukibonyeza inaweka programu yangu, inaweka na MySQL, inaunda meza zote, dakika kumi kazi imekwisha.

Sasa mwenye hoteli kaupeleka mkataba kwa wakili wake na umerudi na maswali. Hii databesi ni ya nani na nani kailipia? Kama ni ya bure mbona mie natoza pesa? Ipo siku Oracle, kampuni yenye MySQL, atakuja kumdai yeye mwenye hoteli? Na chini wakili kaongeza kifungu kipya, nakinukuu kama kilivyo: "Mfumo wote pamoja na kila kilichomo ndani yake utakuwa mali ya mteja peke yake, na mtoa huduma hatoruhusiwa kuutoa kwa mtu mwengine yeyote."

Nkakaa usiku kusoma mwenyewe na niliyoyasoma yakanizidishia khofu. Mmoja anasema GPL, ile leseni ya MySQL ya bure, ukiigusa tu basi programu yako yote lazima uitoe na sosi kodi yake, yaani maandishi yake ya ndani, mwengine anasema ukishalipwa ushavunja leseni, mwengine anasema hakuna anaejali. Na mie mfumo huu ndo nautegemea, nna mazungumzo na hoteli moja Nungwi na gesti moja Chake Chake, nia yangu niwauzie huu huu nikiubadilisha kidogo. Ni kazi ya miezi saba hii. Sasa nibadilishe databesi, nilipie leseni, au nipo sawa na nnajitisha bure?

binti_wa_jedwali:

Waalaykum salaam kaka. Maswali yako ni ya maana na wakili wa mteja hajakosea kuuliza, tena bora kauliza kabla hamjatia saini.

Kwanza hili la pesa, mana ndo linalowachanganya wengi. GPL haijali kabisa kama umelipwa. MySQL ya bure ipo chini ya GPL toleo la 2, ya mwaka 1991, na mle ndani imeandikwa wazi kwamba unaweza kutoza kwa kazi ya kumpa mtu nakala, na unaweza kuuza dhamana na matengenezo. "Bure" ya hawa watu ni uhuru, sio bei. Kwa hiyo mwambie wakili kwamba pesa yako ni ya miezi saba ya kuandika programu, kuja Paje kuiweka, kufundisha vijana wa mapokezi na kupokea simu saa sita usiku mashine ikikwama. MySQL yenyewe hujamuuzia.

Leseni inachouliza ni kitu chengine: umempa mtu nakala? Ukiitumia mwenyewe ofisini kwako, hata uibadilishe juu chini, hudaiwi chochote. Hata kuiendesha kwenye seva yako halafu watu wakaingia kwa brauza, GPL 2 haikugusi kwa hilo, mana hawapati programu, wanapata kurasa tu. Lakini wewe setapu yako inabeba MySQL ndani na unamkabidhi mteja. Hapo umegawa nakala na hapo masharti yanaanza kukuhusu. Kumbe ungekuwa na mfumo wa mtandaoni haya yote yasingekuwepo, ila sababu yako ya intaneti naielewa sana, tumeyaona.

Sasa usichanganye vitu viwili. Kuna seva ya MySQL, ile inayokaa peke yake na kusikiliza, halafu kuna draiva, yaani ile laibrari inayoingia ndani ya programu yako ili iweze kuzungumza na seva. Watu wote wanagombana kuhusu seva na tatizo mara nyingi liko kwenye draiva.

Seva ni programu mbali. Programu yako inazungumza nayo kwa soketi, yaani mlango wa mawasiliano baina ya programu, na hata Free Software Foundation wenyewe walioandika GPL wanasema programu mbili zinazozungumza kwa soketi kwa kawaida huwa ni programu mbili tofauti. Na GPL 2 kifungu cha 2 kinasema kuziweka pamoja kwenye diski moja tu hakuifanyi ile nyengine iingie chini ya GPL. Kwa hiyo kuweka MySQL ndani ya setapu yako hakukulazimishi kutoa sosi kodi ya programu yako. Kunakulazimisha kumpa mteja maandishi ya leseni ya MySQL pamoja na sosi kodi ya MySQL yenyewe, au barua ya ahadi ya kuitoa inayodumu si chini ya miaka mitatu. Hilo ndo watu hawalifanyi.

Draiva ni habari nyengine. Fungua folda ya programu yako pale ilipojiinstoli utazame ina faili gani, halafu urudi hapa utwambie.

fundi_malindi:

Mwanangu usijitie presha. Nna miaka mingi kwenye kazi hii, nimeweka mifumo maduka ya Darajani, nimeweka famasi, nimeweka skuli, sijaona hata siku moja mtu kaja kutoka Oracle kuuliza MySQL. Wale wanashughulika na mabenki. Fanya kazi yako ulipwe, wakili mjibu kwa adabu kwamba ni programu huria inatumika dunia nzima, mwisho.

mpemba_wa_wete:

Ami fundi_malindi kwa heshima zote, shikamoo, lakini hapa sikubaliani na wewe. Suala sio Oracle kupanda boti kuja. Suala ni karatasi anayotaka kuitia saini huyu mwenzetu. Oracle hatokuja lakini mteja yupo hapa hapa, na wakili wake yupo Vuga.

Naeleza yaliyonikuta mie. Niliifanyia kazi kampuni moja Unguja, sitoitaja, mfumo wa ankara na stoo. Mkataba ulikuwa na kifungu kama hicho hicho cha "kila kilichomo ndani yake ni mali ya mteja peke yake". Nikakisoma nikaona maneno tu ya kiwakili, nikasaini, nilikuwa na haja na malipo ya awali. Mle ndani mlikuwa na MySQL, mlikuwa na laibrari za watu nilizozipakua, na mlikuwa na laibrari yangu mwenyewe ndogo ya kuchapisha risiti na kugeuza tarakimu za shilingi kuwa maneno, hiyo nimeiandika miaka na kila mteja wangu anayo.

Baada ya mwaka nikawawekea watu wengine mfumo Chake. Risiti zikawa zinafanana, mpangilio ule ule, hata kosa moja la nafasi baina ya "shilingi" na tarakimu lilikuwa lile lile. Mfanyakazi mmoja wa ile kampuni ya kwanza alihamia huku akaiona. Haikupita wiki mbili nikapata barua: umeuza mali yetu.

Na kwa mkataba niliousaini walikuwa na haki kwenye ile laibrari yangu! Nimeiandika mie kwa mikono yangu na nimeigawa kwa kalamu yangu mwenyewe. Nilikaa miezi minne nikiiandika upya kutoka mwanzo, bila kufungua faili la zamani, na wale wa Chake wakinisubiri na kunipigia kila siku. Tena wakili wao akaniuliza jambo la pili ambalo ndo linakuhusu wewe kijana, kaniuliza: umetwambia kila kilichomo ni mali yetu, hii MySQL nayo ni yetu? Nikakosa jibu, mana niliahidi kutoa kitu ambacho sikuwa nacho. Huwezi kumuuzia mtu shamba la jirani.

Usikisaini hicho kifungu kama kilivyo. Ukiweza kukumbuka neno moja tu katika uzi huu basi likumbuke hilo.

kijana_wa_jangombe:

Dada binti_wa_jedwali nimefungua folda. Kwenye folda ya programu yangu kuna faili langu la exe, kuna faili za kuchapisha, na kuna MySql.Data.dll. Folda ya pembeni kuna mysqld.exe na my.ini na mafaili yake. Faili la leseni la MySQL nililifuta mwenyewe kwenye setapu, niliona linajaza nafasi tu. Astaghfirullah.

@mpemba_wa_wete pole sana kaka, na ahsante kwa kueleza. Mie pia nna vitu vyangu vya kuchapisha bili ambavyo vimo kwenye mifumo miwili ya zamani. Nimepata baridi niliposoma.

binti_wa_jedwali:

Basi ndo nilichokuwa nakiogopa. MySql.Data.dll ni draiva rasmi ya Oracle kwa ajili ya C#, na hiyo nayo imetolewa kwa GPL 2. Tofauti na seva, hii haikai mbali, inaingia ndani ya programu yako na kukimbia pamoja nayo, na hapo msimamo wa GPL ni kwamba vitu viwili vimekuwa kazi moja. Wameweka msamaha unaoitwa Universal FOSS Exception, lakini msamaha huo ni wa wale ambao programu zao wenyewe ni openi sosi. Yako umeifunga. Kwa hiyo ukimpa mteja setapu yenye faili hilo una njia tatu tu: utoe sosi kodi ya mfumo wako kwa GPL, ununue leseni ya kibiashara kutoka Oracle, au ulitoe faili hilo.

Na hapa ni wazi kwa nini wameacha hivo. MySQL toka zamani inaishi kwa leseni mbili, ya bure kwa wanaofungua kazi zao na ya kulipia kwa wanaofunga. Walioianzisha huko Sweden, kina Michael Widenius, waliitia kwenye GPL mwaka 2000 na biashara yao ilikuwa kuwauzia leseni watu kama wewe. Sun wakainunua 2008 kwa kiasi cha dola bilioni 1, Oracle akainunua Sun 2010, mpango ukabaki ule ule. Mimi siwalaumu, kazi ni yao.

Ila usikate tamaa, dawa ya draiva ni nyepesi. Ipo draiva nyengine ya C# inaitwa MySqlConnector, imeandikwa mbali kabisa na watu wengine na leseni yake ni MIT. MIT inataka ubakishe tangazo lao la hakimiliki tu, programu yako inabaki imefungwa. Majina ya klasi ni karibu yale yale, kwenye mafaili yako utabadilisha mstari wa juu wa using kutoka MySql.Data.MySqlClient kuwa MySqlConnector, halafu kompaili uone inalalamika wapi. Jaribu khasa transakshini, yaani amri kadhaa zinazofanywa kama kitu kimoja, mana hii mpya ni kali zaidi, ukifungua transakshini halafu amri yako hukuifunga na transakshini hiyo, inakataa kukimbia. Mimi nilishinda siku moja na nusu kwenye mfumo wa zahanati wenye meza 60 na kitu.

Na kwa wanaoandika Java, draiva ya MariaDB, databesi iliyotokana na MySQL, ni LGPL, ndugu wa GPL mwenye masharti mepesi, nayo unaweza kuitumia kwenye programu iliyofungwa ilimradi laibrari ibaki faili lake peke yake na mtu aweze kuibadilisha. PHP haina shida hii kabisa, draiva iliyomo ndani ya PHP yenyewe ina leseni ya PHP.

fundi_malindi:

Nimekusoma binti na nimemsoma Mpemba, na nakubali kwenye mkataba nilikuwa sijafika huko. Mie wateja wangu wengi tunafanya kwa mdomo na ankara. Lakini si angehamia MariaDB tu yote yakaisha? Mana ile wanasema ndo MySQL iliyokombolewa.

binti_wa_jedwali:

Ami, kuhama seva peke yake hakubadilishi kitu kwa upande huu. MariaDB ilizaliwa 2009 kutokana na sosi ya MySQL ile ile, na huyo huyo Widenius, kwa hiyo seva yake nayo ni GPL 2, masharti ya kugawa ni yale yale. Faida ni kwamba draiva zao nyingi ni LGPL. Yaani ukirudi tena unakuta jibu liko kwenye draiva. Mtu anaweza kuhamia MariaDB akabakisha MySql.Data.dll mle ndani, akawa na tatizo lile lile na anaona amepona.

maalim_wa_tembo:

Naingia kwa kuchelewa, nilikuwa nasafiri. Mie nasomesha vijana databesi na kila mwaka nawaambia: kama utauza programu unayoikabidhi mkononi, anza na PostgreSQL hutokuwa na mjadala huu. Leseni yake ni fupi kuliko ukurasa, ya namna ya BSD, imetoka Chuo Kikuu cha California huko Berkeley ambako Michael Stonebraker aliianza kazi hii 1986. Unaweza kuichukua, kuibadilisha, kuifunga, kuiuza, unachotakiwa ni kubakisha yale maandishi ya hakimiliki. Seva yake hivyo, na draiva ya C# inayoitwa Npgsql hivyo hivyo. Haina kampuni moja yenye kuimiliki, kwa hiyo hapatokei siku mtu akainunua akabadilisha masharti.

Hilo la kubadilisha masharti lisidharauliwe. MongoDB, databesi nyengine, ilikuwa na leseni ya AGPL, Oktoba 2018 wakaigeuza kuwa SSPL, leseni ambayo Debian na Fedora, wagawaji wa Linux, waliikataa. Redis, nayo databesi, ilikuwa BSD miaka yote, Machi 2024 wakaibadilisha, watu wakakasirika na siku chache tu baadae ikazaliwa Valkey, iliyotokana na sosi yake, chini ya Linux Foundation kwa ile BSD ya mwanzo, na mwaka uliofuata Redis wenyewe wakarudi na kuongeza AGPL. Fundi alieweka Redis kwa mteja mwaka 2023 na mkataba wake unasema "programu zote ni BSD", basi siku anapoapdeti mkataba wake unakuwa hausemi kweli na yeye hana habari. Ndo mana nawaambia vijana waandike na namba ya vasheni, sio jina tu.

Na kwa mfumo mdogo wa kompyuta moja isiyo na mwenzake, SQLite inatosha, ile haina leseni hata, mwenyewe D. Richard Hipp kaitoa iwe ya umma. Inafika hadi kampuni za nje mawakili wao hawaamini kwamba kitu kinaweza kuwa hakina mwenyewe, wanataka karatasi, na wale jamaa wanawauzia karatasi ya uthibitisho. Lakini kwa kompyuta tatu zinazoandika kwa pamoja kama hoteli yako siipendekezi.

Kijana, wewe ungehamia PostgreSQL kabisa.

kijana_wa_jangombe:

Maalim nashukuru, nimelijaribu jana usiku nione uzito wake. Meza zimehama vizuri lakini ripoti zangu ndo zimejaa DATE_FORMAT na IFNULL, amri za MySQL ambazo PostgreSQL haizijui, na jambo lililonitisha ni la kutafuta mgeni. Kwenye MySQL kijana wa mapokezi akiandika fatma anampata Fatma. Kwenye PostgreSQL akiandika fatma kwa herufi ndogo hapati kitu, inamwambia mgeni hayupo, na mgeni kasimama mbele yake na paspoti mkononi. Najua dawa yake ni ILIKE, amri isiyojali herufi kubwa na ndogo, lakini nna maulizo zaidi ya 200 na kufungua hoteli ni mwezi ujao kabla watalii hawajajaa. Nafikiri hii ya Paje nibaki na MySQL nibadilishe draiva, halafu ya Nungwi na Chake nianze na PostgreSQL taratibu. Kuna ubaya?

Na la mkataba niandike nini badala ya kile kifungu? Sitaki kumuudhi mteja, ni mtu mwema, kanilipa nusu bila kusumbua.

maalim_wa_tembo:

Hakuna ubaya, umeamua kama fundi. Usihamishe databesi mwezi mmoja kabla ya kufungua.

mpemba_wa_wete:

Kwenye mkataba mie sasa nafanya hivi na hakuna mteja alienikatalia, hata wale wenye mawakili wakali, ukiwaeleza kwa upole wanaelewa. Nagawa mafungu matatu. La kwanza ni kilichoandikwa kwa ajili ya mteja huyu tu, fomu zake, ripoti zake, nembo yake, hicho chake moja kwa moja akishamaliza kulipa. La pili ni vitu vyangu nilivyokuja navyo, kama ile laibrari ya risiti, hivyo vinabaki vyangu, na yeye nampa ruhusa ya kuvitumia milele ndani ya biashara yake bila kunilipa tena. La tatu ni vya watu wengine, navitaja kimoja kimoja kwa jina, vasheni na leseni kwenye karatasi ya nyuma, na naandika kwamba mteja anavipata kwa masharti ya wenyewe na mie siwezi kumuuzia wala kumzuilia.

Halafu angalia kama kuna kifungu cha kinga, kile kinachosema mtu yeyote akija kudai kuhusu mfumo basi wewe ndie utalipa. Mie nakubali kuwajibika kwa nilichoandika mwenyewe, basi. GPL wenyewe wanasema hawatoi dhamana yoyote, sasa mie niidhamini MySQL nzima kwa pesa ya hoteli ya vyumba 14?

Na jambo jengine la hapa kwetu. Tazama mkataba unasema unafuata sheria ya wapi. Hakimiliki si jambo la Muungano, Zanzibar ina sheria yake ya mwaka 2003 na taasisi yake ya hakimiliki, COSOZA, Bara wana yao ya 1999 na COSOTA. Mawakili wengi wana mkataba walioutoa Dar na kubadilisha majina tu. Kazi imefanyika Unguja, mteja yupo Unguja, naona bora kiandikwe cha Zanzibar, muulize wakili wako mwenyewe alitazame hilo. Usimtegemee wakili wa mteja akutetee wewe.

binti_wa_jedwali:

Naongeza dogo. Jina. Mfumo wako usiuite MySQL kitu fulani wala usiweke nembo yao kwenye tangazo lako. Sosi kodi ni huria lakini jina ni alama ya biashara. Kuna kesi ya mwaka 2002 Marekani, baina ya MySQL AB, kampuni iliyokuwa na MySQL, na kampuni iliyokuwa ikiitwa NuSphere, ambao waliiunganisha MySQL na kazi yao na wakaigawa bila sosi. Watu wanaikumbuka kwa sababu ya GPL, lakini jaji pale alipotoa zuio la haraka alilitoa kwenye jina, ya GPL aliiacha isubiri na baadae wakapatana. Kwa hiyo kuandika "inatumia MySQL" ni sawa, kuipa programu yako jina hilo si sawa.

Na data za wageni usiziingize kwenye khofu hii, leseni ya databesi haigusi yaliyomo ndani. Ni za mwenye hoteli.

kijana_wa_jangombe:

Wallahi mmenitua mzigo. Narudi kuwapa khabari ili na mwengine akija afaidike.

Draiva nimebadilisha, MySql.Data.dll imetoka kwenye folda. Palikataa pahala pawili kama alivyosema dada, kote ni transakshini za kuhamisha bili kutoka chumba kwenda chumba, moja nikagundua ilikuwa na kosa toka zamani na ile draiva ya mwanzo ilikuwa ikiliachia tu. Faili la leseni la MySQL nimelirudisha. Setapu mpya nimeiendesha kwenye laptopu safi, imetoa bili, imefunga siku, na Fatma anapatikana.

Wakili wa mteja nimekutana nae jana baada ya alasiri. Nilikwenda na karatasi ya mafungu matatu ya kaka wa Wete na orodha yangu imefika vitu 11, vyengine hata mie nilikuwa sijui kama vimo. Akaisoma yote kimya, akaniuliza hii MIT ni chuo? Nkamueleza kwamba leseni imechukua jina la chuo. Kile kifungu amekikata kwa kalamu mbele yangu, akaandika chengine, na cha kinga amekiwekea mpaka kwa nilichoandika mie. Sheria ni ya Zanzibar. Mwenye hoteli yeye alichouliza ni kimoja tu, kama na mie nikiondoka fundi mwengine ataweza kuendelea, nkamwambia databesi hii inajulikana na kila fundi kutoka Mkoani mpaka Nungwi, akaridhika.

Jumamosi naenda Paje kuweka. Kilichobaki ni sosi kodi ya MySQL, naiweka kwenye flashi pamoja na setapu au nampa barua ile ya miaka mitatu?

binti_wa_jedwali:

Alhamdulillah. Weka kwenye flashi, umalize. Barua inamaanisha mtu yeyote mwenye nayo akija mwaka wa tatu lazima uwe bado unayo na umpe. Flashi unamkabidhi mwenye hoteli na deni limekwisha siku hiyo hiyo. Ila hakikisha ni sosi ya vasheni ile ile uliyoiinstoli, kama seva ni 8.4.3 basi sosi iwe ya 8.4.3, na siku ukimuapdetia seva unampelekea na flashi nyengine.